Kiwanja cha Mbwa na Mwani Wangu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mbwa kalala juu ya mwani wangu!

Siyo pembeni. Juu! Katikati hasa, kajikunja kama mgeni aliyetandikiwa. Mwani niliouvuna jana, bado unachuruzika, na mgongo wangu bado haujanyooka. Nikapiga ukelele. Yule mbwa akafungua jicho moja, akanitazama, akalifumba.

Ni wa Bi Paola, Mtaliana mwenye hoteli ya pale miambani. Anao mbwa watano na wote huzurura ufukweni bila kamba. Huyu mkubwa, wa rangi ya mchanga, jina lake Habibi, yaani mpenzi. Habibi! Paola alipomwita kutoka mbali, "Habibi, njoo!", mume wangu Makungu, aliyekuwa anashona wavu barazani, kageuka. Kageuka! Mie nikimwita mara tatu haitiki.

Nikenda kumuuliza Maalim Ubwa wa msikitini. Kasema mbwa mkavu na kitu kikavu hakuna neno, lakini pakiwa na umajimaji ni najisi, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamuuliza kama mwani nao. Akafikiri. Kasema mwani hajawahi kuulizwa, ila yeye angekuwa ni mie angeosha.

Nimeosha. Mwani wote. Kutwa nzima.

Na nani alikuwa ananitazama? Tabia! Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake wa mwani. Wa kwake umelala juu ya chanja cha fito, ndani ya uzio wa makuti, hata kuku hausogelei. Kanambia, "Pole, shoga. Ndo maana mie nna uzio."

Ndo maana mie nna uzio!

Jumanne, 4 Februari

Kijiji kizima kinazungumza mbwa. Mbwa wamemfukuza Muhiddin muuza mkate na baiskeli yake mpaka njia ya Kizimkazi. Watu wawili wamekosa sala ya jamaa kwa kurudi nyumbani kubadilisha kanzu zilizorambwa na mbwa. Mwalimu Mardhiya wa skuli anasema watoto wanapita njia ya mbali kwa woga. Walinzi wa mahoteli nao wanasema bila mbwa wezi wangebeba mpaka milango.

Sheha wetu, kiongozi wa kijiji, Bwana Kificho, kaitisha mkutano Jumamosi. Na Paola kaleta pendekezo lake mapema. Anataka ile ardhi tupu nyuma ya hoteli izungushiwe uzio iwe kiwanja. Kiwanja cha mbwa! Cha kukimbia na kucheza! Mama mmoja pale dukani kaacha unga wake kwenye mizani akaondoka.

Mie nami nilishtuka. Nilishtuka mpaka nilipofika nyumbani. Halafu nikafikiri.

Uzio wa waya. Ardhi tambarare. Jua kutwa, upepo kutoka baharini. Mbwa watacheza jioni tu, maana mchana Wazungu wenyewe wamelala. Mchana kiwanja kitupu! Kitu gani kinataka ardhi tambarare, yenye jua na uzio, mchana?

Mwani wangu.

Tena Sheha kasema kiwanja kikipita kitakuwa na kamati, na ufunguo atashika yule aliyedhurika zaidi, ili asije akaonewa tena. Basi njia iko wazi. Hadharani nitapinga kuliko wote, ili nionekane nimedhurika. Kwa siri nitahakikisha kinapita. Hata Tabia, pamoja na uenyekiti wake, hawezi kuwaza jambo kama hili.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda hotelini kwa mlango wa nyuma. Nimevaa nikabu nisijulikane. Mlinzi kanambia, "Shikamoo Bi Salhiya." Sijui kanijuaje.

Paola kanipokea kwa furaha. Nikamwambia kiwanja ni jambo zuri, ila watu wangu ni wagumu, basi asiseme tumeonana. Nikamshauri atie na banda la kivuli na bomba la maji. (Kivuli nikae mie, bomba ninawe mikono.) Kakubali kila kitu. Anasema "sawa sawa" hata pasipo na swali.

Nikiwa katika kuaga, Habibi kaja kwa nyuma akaniramba mkono. Wote! Kuanzia vidole mpaka kwenye bangili! Nami nimo kwenye kutabasamu!

Nyumbani nikajificha uani na ndoo ya maji na bakuli la udongo. Makungu kanikuta nipo kwenye udongo. Akauliza nafanya nini. Nikasema ni dawa ya kulainisha ngozi. Akasema, "Ala." Makungu si mtu wa maneno.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi Yusra, jirani yangu, kapiga hodi na bakuli. Anataka ule udongo wa ngozi. Makungu si mtu wa maneno, lakini hayo machache anayapeleka mbali.

Jambo kubwa zaidi: Tabia anasema mbuzi wake kang'atwa! Nimekwenda kumwona mbuzi. Ana mchubuko mdogo sikioni, mie naona ni mwiba. Lakini watu wanakwenda kumtazama kama mgonjwa wa hospitali, wengine na majani mkononi. Kwa hali hii ufunguo ni wake!

Lazima nidhurike zaidi ya mbuzi.

Nikapanga. Nikafunga vichwa vya samaki ndani ya kanga, nikangoja watu watoke sala ya alasiri, nikapita mbele ya mbwa wa Paola. Watanifukuza, nitapiga kelele, mashahidi msikiti mzima.

Mbwa wakaja. Wote watano. Wakakaa chini kwa safu mbele yangu, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaongoja kusomeshwa.

Nikatikisa kanga. Wakatikisa mikia. Nikawakaripia. Habibi akalala chali.

Watu walishaanza kutoka. Sikuwa na njia. Nikakimbia! Nikapiga yowe, "Jamani, mbwa, nakufa!", nikakimbia ufukwe mzima mpaka kwenye ngarawa zilizopandishwa, kanga mkononi, kiatu kimoja njiani. Nilipogeuka, mbwa walikuwa wamekaa palepale. Wananitazama. Na wanaume wote wa msikitini wananitazama. Na Maalim Ubwa kashika ndevu.

Ijumaa, 7 Februari

Kuna mtu alinichukua video kwa simu! Imo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nakimbia peke yangu. Nyuma hakuna anayenifukuza, mbwa wamekaa kwa safu.

Binti yangu Wanu kapiga simu kutoka Mtoni. Kaniuliza kama nimeanza mazoezi. Nikamwambia nilikuwa nafukuzwa. Akauliza kama dawa ya presha nameza.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mkutano ulifanyika skuli. Watu wamejaa mpaka madirishani. Paola kaongea kwanza, kwa Kiswahili chake. Kasema mbwa wake wamechanjwa, hawana kichaa, na wakipata pahala pao hawatasumbua mtu ufukweni. Kasema pia mbwa hajui mwani ni kazi ya mtu, yeye anaona godoro. Wengine wakacheka. Wengine wakasema asitake kutuchekesha, sisi tuna nguo za sala na watoto wadogo.

Tabia akasimama na habari ya mbuzi. Akaongea vizuri, kwa upole. Nikaona ufunguo unaondoka.

Nikasimama mie.

Sijapata kuongea vile maishani. Nikaeleza mwani, mara saba, udongo, mgongo wangu. Nikalia. Nilikusudia kulia kidogo, lakini yakaja mengi. Halafu likanitoka ambalo sikulipanga: "Watoto wetu wanacheza mpira juu ya mawe, magoti yote makovu, leo mbwa ndo wapimiwe kiwanja?"

Ukumbi ukalipuka! Watu wamesimama, wanawake wanapiga makofi, Mwalimu Mardhiya anafuta macho. Muhiddin akapaza sauti kwamba kisijengwe, kisijengwe kabisa! Wote wakaitikia. Sheha Kificho akainua mkono akasema kwa sauti hii ya wananchi yeye hana budi kulikataa pendekezo…

Kulikataa! Uzio wangu!

Nikaruka juu. Nikasema ngoja, Bwana Sheha, kwa upande mwingine, mbwa naye ni kiumbe, tusiwe na haraka. Sheha kaniuliza niko upande gani. Nikasema nipo pande zote, kwa mpango.

Hapo Paola akasimama, uso unang'ara. Kumbe alidhani ndo wakati wa shukurani! Akasema, "Mimi nashukuru sana Bi Salhiya. Amekuja kwangu nyumbani. Kivuli ni wazo lake. Bomba ni wazo lake. Ni rafiki mkubwa wa mbwa."

Rafiki mkubwa wa mbwa! Mbele ya kijiji! Mbele ya Maalim Ubwa!

Na kama hiyo haitoshi, Habibi, aliyekuwa nje kwenye kivuli, akasikia sauti ya Paola, akaingia mlangoni, akapita watu wote, akaja kulala miguuni pangu.

Nikamtazama Makungu anitetee. Makungu akasema, "Ala!"

Aliyeokoa mambo ni Tabia. Tabia! Kasema maneno yangu kuhusu watoto ni ya kweli hata kama yalikuwa ya mpango. Akamuuliza Paola kama atakubali kwanza kusafisha kiwanja cha watoto, mawe yote yatoke, ndipo cha mbwa. Na ufukweni mbwa watembee na kamba. Paola akasema sawa sawa. Mwalimu Mardhiya akasema kama ni hivyo, yeye anaunga mkono. Mikono ikanyooshwa. Kikapita.

Ufunguo: Tabia.

Halafu Sheha akasema kwa kuwa Bi Salhiya keshazoeana na hawa wanyama, na wao wanamheshimu, kama tulivyoona sote kwenye simu, basi yeye ndiye atakayewachukua kila jioni kutoka hotelini mpaka kiwanjani.

Wakapiga makofi.

Alhamisi, 13 Februari

Mawe ya kiwanja cha watoto pale skuli yametolewa, na juzi watoto wamecheza pekupeku mpaka magharibi. Uzio wa mbwa nao umesimama. Ni uzio mzuri. Inaniuma kuutazama.

Leo siku ya kwanza ya kazi. Nimevaa glovu za jikoni, za rangi ya waridi, mpaka kwenye viwiko. Mbwa watano, kamba tano, Bi Salhiya mmoja. Barazani wanaume waliacha bao wakasimama. Tulipofika, mbwa wakakataa kuingia mpaka niingie mie kwanza. Nikaingia. Nikakaa chini ya kivuli nilichokiomba mwenyewe, na Tabia akafunga geti kwa nje, kama inavyotakiwa na kamati.

Kanambia, "Ukitaka kutoka niite, shoga."

Jumamosi, 15 Februari

Jana ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, nimevuna magunia. Leo asubuhi nilikwenda kwa Wanu Mtoni, nikamwachia Makungu mwani auanike uani kwetu.

Alasiri nimerudi, nikachukua mbwa. Tumefika kiwanjani, geti li wazi. Nini naona?

Mwani! Kiwanja kizima! Umetandazwa vizuri, mbichi, unameremeta!

Nikaona giza. Tabia kaniibia wazo! Kashika ufunguo siku mbili tu, keshageuza kiwanja chanja! Mtu ana uzio wake na bado kachukua na wangu ambao siyo wangu!

Nililegeza vidole tu. Kamba zikaponyoka, zote tano, kwa bahati mbaya.

Lo! Walivyoupenda! Waligaragara, wakaviringika, wakavutana mwani kwa meno. Mdogo wao, mweusi, akafanya na haja yake pale katikati. Nikakaa kivulini nikinyoosha miguu. Nikaimba kidogo.

Ndipo akaja Makungu, amebeba gunia la mwisho kichwani. Nyuma yake Tabia, kabeba tenga.

Makungu akasimama. Akatazama mbwa. Akanitazama mie. Na leo Makungu kapata maneno:

"Salhiya, mwani wako huo."

Ikawa kwamba mchana kivuli kilitanda uani, kuku wa Yusra nao wameingia, Makungu akamwendea Tabia. Tabia kamfungulia geti, kasema kamati haitakataa, tena kamsaidia kuanika mwenyewe, tangu adhuhuri, kwa mikono yake. Anasema alitaka iwe furaha kwangu nikirudi.

Habibi kaja na shungi la mwani mdomoni akaniwekea mapajani.

Jumapili, 16 Februari

Kutwa nimo baharini, naosha. Mara saba. Makungu kaosha nami, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Baadaye Tabia kaja na sufuria ya uji wa pilipili manga. Kasema kamba kuponyoka si kosa langu, mbwa watano ni wengi kwa mtu mmoja. Nikatikisa kichwa kwa huzuni kwamba ndiyo, ni wengi. Kisha akasema amefikiri. Uzio wake wa makuti ni mkubwa kuliko mwani wake. Tuugawane nusu kwa nusu, tufunge kamba katikati, kila mtu na upande wake, tusisumbuliwe tena na mbwa wala kuku.

Jamani! Machozi yalinitoka, na safari hii sikuyapanga. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Tabia, wewe ni ndugu yangu." Nilimaanisha. Nilikuwa nikimwonea choyo mtu kama yule! Tumekunywa uji, tumecheka, tumekwenda pamoja kufunga kamba.

Nusu yake ndiyo yenye upepo. Sikuligundua hilo mpaka tulipomaliza.

Si kitu. Vigingi vya kamba nimevipigilia mie. Kigingi kikisogezwa hatua nzima, mtu ataona. Lakini nusu hatua, mara moja kila bamvua, wakati mwenyewe kainamia mwani wake…

Kesho nitakwenda mapema kupima.