Jina Langu Mara Mbili

Jumatatu, 26 Mei

Dada Sumini, assalamu alaikum. Hujambo huko Lampung? Goti lako je? Mibuni yako imechanua? Sisi huku Klaten wazima, alhamdulillahi. Nimenunua daftari hili nikuandikie kila jambo kwa siku yake. Nitalituma lote kwa mkupuo, maana kwenye simu unaanza kucheka kabla sijamaliza.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka jina langu lichapishwe. Miaka ishirini na miwili natunza mashamba ya majaribio ya chuo. Karatasi za utafiti zaidi ya arobaini zimetoka kwenye matope yangu. Zina majina ya maprofesa, ya wake zao, na ya mkuu wa kitivo ambaye mpunga anaujua ukiwa umeshaiva sahanini. Tukijan hayumo hata mara moja!

Leo nimemuuliza Mbak Wulan, yule binti mwanafunzi anayempimia mpunga Profesa Hardoyo: jina huingiaje? Akasema huingia la mtu aliyechangia matokeo. "Changia matokeo tu, Pak." Nimeyaandika maneno hayo kiganjani.

Taabu moja. Fomu ya kuchapishwa inataka majina mawili, nami, kama baba na babu, nina moja tu. Wulan anasema wenye jina moja huliandika mara mbili. Tukijan Tukijan. Nimejaribu ukurasa mzima. Linapendeza!

Jumatano, 28 Mei

Nimeanzia kwa watu wa hesabu, maana wao hawachafuki. Daktari Bagyo anatafuta kanuni ya jinsi shomoro wanavyogawana shamba. Nikajitolea kuhesabu. Asubuhi hadi adhuhuri, shingo imekakamaa. Shomoro mia nne na kumi na wawili. Akaniuliza kiwango cha makosa ni kipi. Nikamwambia sina makosa, alfajiri niliswali msikitini. Akanishukuru sana, akaniomba nikitoka nifunge mlango.

Ijumaa, 30 Mei

Watu wa teknolojia wana kidude kinachoruka, cha kufukuza shomoro haohao. Jengo moja linawahesabu, jengo la pili linawafukuza, na majengo hayo hayajawahi kunywa chai pamoja. Nikashauri kidude kivalishwe kofia yangu nyeusi ya sala, kitishe zaidi. Kikapaa. Kikayumba. Kikatumbukia kwenye bwawa la kambare. Shomoro wamejipanga juu ya waya kama waliokata tiketi.

Nimeswali Ijumaa na kofia inayonuka samaki. Safu yangu ilikuwa na nafasi tele.

Jumatatu, 2 Juni

Maabara ya sayansi. Bu Retnani anachunguza mbu wanapenda damu ya nani. Nikatoa mkono. Hakutua hata mmoja! Nilikuwa nimejipaka dawa ya kuchua kwa ajili ya ile shingo. Ameandika: "Mkono wa saba, haufai." Basi nimeingia katika maandishi ya sayansi, Dada. Mkono tu. Mwenyewe nimebaki nje.

Jumanne, 3 Juni

Nilitafuta mbali kilichokuwa mlangoni!

Profesa Hardoyo anadai yale maji ya soya yanayomwagwa na watengenezaji wa tofu ndiyo mbolea ya karne hii. Ametenga vipande viwili vya mpunga. Kimoja kinanyweshwa maji ya tofu, anakitunza Jumali, mtunza shamba mwenzangu. Cha pili hakipewi kitu ila maji ya mfereji, eti wapate kulinganisha. Kimepigiliwa kibao: 0. Na nani kapewa sifuri? Mimi!

Mpunga wangu umekonda, njano tupu. Jumali akipita na baiskeli hupunguza mwendo makusudi. Leo kauliza kwa sauti, "Pak Tukijan, huo mpunga au mswaki?" Wanaofua mferejini wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba subira ni sehemu ya imani. Moyoni nikamjibu mengine.

Halafu nikatazama kiganja. Changia matokeo.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho Idi. Mbuzi thelathini na mmoja wa kuchinja wamefungwa uani mwa msikiti wiki nzima, na mbuzi aliyefungwa ana kazi moja tu. Nimejitolea kufagia. Imamu amenisifu mbele ya watu, akasema vijana waige mfano. Nikainamisha kichwa. Magunia matano!

Jumali, kwa kuwa ni mwanakamati wa msikiti, lazima aulize. Nayapeleka wapi? Nikasema naipeleka najisi mbali na waumini. Si uongo. Kipande cha sifuri kiko kilomita mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Kijiji kizima kinachoma mishikaki. Shambani hakuna mtu. Mbak Wulan alituonya tangu mwanzo: kipande cha sifuri kisiguswe, kipewe maji tu. Nami si mkaidi. Nimeiloweka mbolea kwenye mapipa ya maji, na katika pipa maji ndiyo mengi. Nimebeba ndoo themanini. Nimesema bismillahi kila ndoo.

Jumanne, 24 Juni

Kijani! Dada, kijani cha kutia wivu! Jumali ameteremka kwenye baiskeli. Ameuliza nasoma dua gani. Nikamwambia ni ndefu, hataiweza.

Mbak Wulan amepima mara mbili, kisha akabadilisha rula. Amekaa tutani akaniambia huu ni mwaka wake wa saba, na chuo hakitoi wa nane. Jaribio hili likiharibika anarudi kwao bila cheti. Nikamwambia asiogope, sifuri haitamwangusha. Masikini, akanishukuru.

Jumatatu, 28 Julai

Mavuno. Kabla ya mundu nikaweka pembeni mwa shamba wali wenye umbo la pia na yai la kuchemsha, kama alivyofanya marehemu baba. Jumali akasema sifuri haina haja ya sadaka, nimpe yeye yai.

Mizani ikaongea. Maji ya tofu: kilo ishirini na tisa. Sifuri: arobaini na moja! Jumali akachungulia chini ya mizani, huenda kuna jiwe.

Profesa akakohoa kama aliyemeza mfupa. Akaniuliza ni kweli hakikupewa kitu? Nikasema, "Chuo hakikukipa chochote, Profesa." Si uongo. Akazunguka shamba mara mbili. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akatangaza amegundua jambo kubwa: mpunga usiobembelezwa hujitegemea. Maji ya tofu hayakutajwa tena. Yamezikwa bila matanga.

Mbak Wulan akasema kuna kitu hakiko sawa, udongo upimwe kwanza. Profesa akamwambia, "Binti, sayansi inataka ujasiri." Udongo haukupimwa.

Jumanne, 19 Agosti

Wiki ya Utafiti. Ukumbi umejaa. Kanuni ya shomoro. Kidude kipya kinachoruka, kimefungwa kamba kama mbuzi. Mbu ndani ya chupa. Na katikati, bango refu kuliko mlango: Mpunga Unaojitegemea. Majina saba! Profesa, mkuu wa kitivo, mke wa Profesa, wengine watatu niliowahi kuwaona kwenye karamu tu. Wulan wa mwisho, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Tukijan? Nimesoma mara tatu. Nimesoma hadi jina la mpiga chapa.

Profesa akawahutubia wageni kutoka Jakarta. Ilipoitwa mikono ya maswali, wa kwanza ulikuwa huu wangu wa saba usiofaa. Nikasema samahani Profesa, mimi ni Tukijan, mchango wangu umesahauliwa. Nikaeleza yote. Mbuzi, mapipa, ndoo themanini. Nikataja na bismillahi.

Imamu, aliyealikwa kufunga kwa dua, akauliza polepole, "Pak Tukijan, ule usafi wa Idi?" Jumali akacheka mpaka akaletewa kiti. Wulan akafunika uso kwa kitambaa chake. Profesa akaniuliza kama najua nilichofanya. Nikasema ndiyo. Nimechangia matokeo.

Ijumaa, 22 Agosti

Bango limeshushwa. Profesa amepata safari ya ghafla. Mimi nimehamishiwa getini, kufungua na kufunga.

Mbak Wulan alipita asubuhi, macho mekundu. Sikujua niyaweke wapi yangu. Akasema chuo kimemwongezea msimu mmoja, wa mwisho, aanze upya tangu miche. Hakunitukana. Akasema tu, "Pak, heri ungening'oa mimi, mpunga ukauacha." Nimemwombea kwa rakaa mbili, nimelia kidogo.

Lakini Dada, sikia! Kwenye ubao wa matangazo kuna karatasi yenye muhuri: "Matokeo ya jaribio la mpunga yamebatilishwa kwa sababu ya mbolea iliyoingizwa bila idhini na mtunza shamba Tukijan Tukijan." Limechapishwa! Mara mbili! Na karatasi nzima haina jina lingine, hata la Profesa. Nimeipiga picha, nimeitia fremu, nimeitundika kando ya picha ya Kaaba. Mke wangu ameishusha. Nimeirudisha.

Sasa neno la mwisho. Sifuri kapewa Jumali. Namhurumia Mbak Wulan, Jumali hajui lolote kuhusu sifuri. Mtoto kapoteza msimu kwa sababu yangu, ni haki nimsaidie. Kosa langu la kwanza nimeliona wazi: nilipendelea upande mmoja. Safari hii nitamwagia vipande vyote viwili, asinung'unike mtu. Pale getini kuna kilango kwenye ua, nao ufunguo ninao mimi.

Mbuzi wameisha hadi Idi ijayo. Kwa hiyo nakuomba gunia moja la maganda ya kahawa yaliyooza vizuri, juu uandike "nguo". Miche inaingia shambani tarehe kumi. Tafadhali Dada, nijibu upesi.

Mdogo wako,
Tukijan Tukijan