Kamanda wa Mhuri

Jumatatu, 4 Machi
Kamanda wa Ngome ya Korakion amefariki! Mungu amrehemu, na nafasi yake anipe mimi. Sisi akina Vardalis tumepigana mpakani tangu enzi za mababu. Na mimi je? Naandika barua za mjomba na kuzigongea mhuri wake. Binamu yangu Pothos naye anakitaka cheo. Pothos! Anayemwogopa farasi wake mwenyewe!

Jumanne
Siwezi kutulia. Nimewaza: mkubwa hujulikana kwa mhuri wake. Jemadari, mgawa vyeo wetu, huutazama kabla hajakata uzi uliofunga barua. Nikamkimbilia mzee Sergios, mchonga mihuri, anitengenezee koleo jipya la kubania mihuri ya madini ya risasi. Upande mmoja Mtakatifu Teodori na mkuki wake, upande wa pili "Niketas Vardalis, Kamanda wa Korakion". Akauliza kama nimeshateuliwa. Nikamwambia dalili ya mvua ni mawingu. Akasema haya bwana, mawingu mengine hupita tu.

Alhamisi
Koleo tayari! Nimebana kipande cha risasi, Teodori katoka na ndevu zote. Nikabana kingine. Na kingine. Mke wangu Marula kaniuliza kama nina akili timamu, eti dengu za Kwaresima zimejaa vumbi la risasi. Wivu tu.

Ijumaa
Barua imeondoka. Nimemwomba jemadari, kwa unyenyekevu mkubwa, anifikirie kwa cheo cha Kamanda wa Korakion. Nimeifunga kwa mhuri mpya. Usingizi hauji. Nazunguka uani, mbwa ananifuata.

Jumapili
Aibu! Nimeitwa ukumbini kwa jemadari, naye hata uzi wa barua yangu hakuukata. Aliugeuza mhuri, akauliza mbele ya maofisa wote: kamanda huyu anaomba nini tena, na cheo anacho? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pothos akaniinamia, akasema shikamoo Kamanda. Nilitamani ardhi inimeze. Koleo langu likavunjwa kwa nyundo. Korakion kapewa Pothos, na mimi nimepangiwa kuwa karani wake. Nitamgongea mihuri!

Jumatatu
Nimekesha nikiwaza, na kosa langu nimeliona. Cheo kilikuwa kidogo mno! Kidogo kila mtu hukikagua. Kikubwa nani atathubutu? Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Sergios. Nimeagiza "Jemadari Mkuu wa Mashariki Yote". Mzee akajikuna kichwa, akauliza sasa barua hiyo nitampelekea nani.

Nikamwambia Mfalme, nani mwingine?