Matofali ya Mwezini Yaanzie Chumbani kwa Bibi

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Sayansi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mahali penye kivuli. Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzi juzi tu, na sijawahi kuandikia gazeti. Darasani nilinyoosha mkono mara chache sana, nyingi kati ya hizo zikiwa za kuomba kwenda msalani. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue yamenifika shingoni.

Ukurasa wako ulifika nyumbani ukiwa umefungia misumari ya Baba, ambaye ni fundi mwashi. Nilipoikung'uta misumari nikasoma kwamba kuna watafiti wanaochoma matofali kwa vumbi linalofanana na udongo wa mwezini, ili siku moja wajengee nyumba huko, kwa sababu mwezini joto la mchana hupita la maji yanayochemka na baridi ya usiku hupita ya barafu. Niliwapongeza moyoni. Kisha nikainua macho nikakitazama chumba ninacholala na Bibi, mama yake Baba, na pongezi zikanikauka mdomoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tumerukwa kwenye foleni. Kwa maelezo yenu wenyewe, mwezini haishi mtu hata mmoja. Chumbani kwetu tunaishi wawili, na mmoja wetu ana magoti yanayouma. Sielewi ni kwa utaratibu gani asiyekuwepo anajengewa kwanza, na aliyepo anaambiwa avumilie.

2. Masharti ya mwezini tumeyatimiza. Chumba ni cha matofali ya saruji na mabati, hakina dari. Mchana mafuta yangu ya nywele yanageuka maji, na mshumaa wetu umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alfajiri Bibi anavaa sweta mbili na kuniuliza ni nani ameacha friji wazi. Hatuna friji.

3. Mmeandika kwamba mwezini hakuna hewa. Hiyo pia tunayo, yaani hatuna. Dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani, na pazia halijatikisika tangu litundikwe.

4. Shangazi, dada yake Baba, alikuja wiki iliyopita. Aliingia chumbani na kikombe cha chai, akatoka chai ikiwa nusu, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Akamwambia Baba kwamba hicho si chumba, ni tanuri alilosahau kutia mikate, na kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama yake akakae kwake, kwenye dari na feni. Baba akacheka, akamjibu Shangazi kwamba yeye Shangazi tangu utotoni hutoka jasho hata akinywa maji. Lakini tangu siku hiyo Baba hapigi mluzi akichanganya zege.

5. Bibi ndiye msemaji wangu. Mgeni akiniuliza jambo, mimi huangalia vidole vyangu vya miguu na Bibi hujibu, mara nyingi vizuri kuliko nilivyokusudia. Akiondoka Jumamosi, nyumba itabaki na fundi asiyepiga mluzi na binti asiyesema. Huo nao ni mwezi.

Utauliza kwa nini simwambii Baba mwenyewe. Ndugu Mhariri, chumba hiki alikijenga kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili, siku ambazo mafundi wenzake walikuwa wamelala. Nitamwambiaje kwamba hakifai? Watafiti siwajui, kwa hiyo siwaonei haya.

6. Naomba basi watuletee matofali hayo, hata yaliyovunjika kona. Waeleze tu kama yanalowekwa maji kabla ya kujengwa, maana hilo hamkuandika, na fundi yeyote atauliza. Wakishindwa, chumba chetu kiandikishwe kuwa sehemu ya mwezi, ili zamu yetu ifike kihalali. Wakishindwa hata hilo, waje walale humu wafanye majaribio yao. Wataokoa mafuta ya roketi, na Bibi atawapisha kitanda, ingawa atataka kwanza kujua wao ni watoto wa nani.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na anayepanga kurasa na muuza misumari aliyenifikishia ukurasa wako.

Ni mimi msomaji wako,
Binti wa Fundi, chumba cha nyuma

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Bibi aliniomba nimsomee. Sikujua kwamba Baba alikuwa ananawa miguu uchochoroni, chini ya dirisha. Alisikia yote. Alileta ngazi, akapanda hadi pale ukuta unapokutana na mabati, alipokuwa ameacha matundu ya hewa, akaanza kuchomoa: matambara, soksi, mto mdogo, na sweta yangu ya shule niliyoitafuta muhula mzima. Akauliza, kwa upole sana, ni nani. Bibi akasema ni yeye, kwa mpini wa ufagio, tangu wiki ya kwanza, kwa sababu mijusi walikuwa wanamchungulia akibadilisha nguo, na yeye hakulelewa hivyo. Akaongeza kwamba joto hajawahi kulilalamikia, aliyelalamika ni Shangazi, na kwa Shangazi haendi, maana feni yake inakohoa usiku kucha.

Pazia limetikisika. Baba amekwenda kununua wavu wa kuzuia mijusi, na ameondoka akipiga mluzi. Kwa hiyo matofali wasilete. Watangulie tu mwezini. Ila lile swali la kuloweka matofali, Baba naye anataka jibu lake. Amesema safari hii nisiandike, nipige simu, na Bibi asinisaidie.

Jumatatu simu yenu ikilia na upande wa pili kukawa kimya, tafadhali usikate. Ni mimi.