Vyumba Vitatu Ndani ya Kuta za Gede

Levi Wabwile hakuwa mwizi. Jambo hili alilisema mwenyewe mara nyingi, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisema, hatuna budi kumwamini. Mwizi huchukua cha mtu bila hata kumsalimu. Levi alikusalimu kwanza, akauliza habari za nyumbani, akakununulia chai, na kufikia wakati wa kuagana ulikuwa umempa kitu mwenyewe kwa mkono wako, tena ukishukuru. Mtu wa namna hiyo humwiti mwizi. Unamwita Meneja, kama ilivyoandikwa kwenye kadi yake ya biashara, ambayo haikutaja jina la kampuni kwa sababu kampuni ilibadilika kila wiki.

Siku moja ya Novemba, mwaka wa 2004, Levi alikuwa ameketi katika hoteli ya chai mjini Kitale, na moyo wake haukuwa na raha. Majuma matatu nyuma alikuwa amekwenda Bumula, kwao Nekoye, fundi wa nguo wa Bungoma mjini ambaye Levi alimpenda kuliko alivyopenda maneno yake mwenyewe. Mzee Nyongesa, babake Nekoye, alimsikiliza kwa muda wa birika zima la chai, kisha akasema, "Wewe kijana, kazi yako ni mdomo. Mdomo hailishi mtoto yangu. Ukuje hapa kabla Krismasi na kitu ya jasho yako, ama usikuje tena." Levi alimtazama Nekoye amtetee, naye Nekoye akatazama chini. Hilo ndilo lililomuuma hadi leo.

Nyuma yake, mume na mke walikuwa wakibishana juu ya sahani ya mandazi.

"Miaka ishirini na saba, Baba Ngige," mama alikuwa akisema. "Hata wikendi moja hujawahi kunitoa nje ya hii Trans-Nzoia. Mimi nataka tu kuona Gede."

"Gede iko huko Malindi. Unajua Malindi ni mbali namna gani?"

"Si najua. Ni mji ya zamani, iko na kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani. Nyumba ya sultani iko ndani. Watoto pia, Ciru na Gathogo, waone."

"Na mahindi itabaki na nani? Na ng'ombe?"

Levi hakuwahi kusikia habari za Gede. Pwani alikuwa ameiona kwenye kalenda tu, na mwenyewe hakuwahi kupita Nakuru. Lakini kuta mbili na sultani vilimtosha kabisa. Kuna watu waliojenga nyumba nzima kwa vifaa vichache kuliko hivyo. Aligeuza kiti.

"Samahani mzee, samahani mama. Sikuwa nasikiliza, ni vile hizi meza zimekaribiana. Lakini nimesikia Gede, na mimi ndio meneja wa Gede hapa Kitale."

Mzee, mkulima kutoka upande wa Kachibora aitwaye Waithaka, aliitazama kadi mbele na nyuma. Mkewe, Wangu, mwanamke wa kitambaa kichwani na buti za matope, alimtazama Levi mwenyewe.

"Meneja wa nini huko Gede?" akauliza.

"Wa vyumba, mama. Familia inakuja wikendi, inalala ndani ya mji."

"Ndani ya ukuta?"

"Ndani ya ukuta ya ndani. Kwa ile ya nje tunaweka madereva."

"Hivyo vyumba viko na dari?"

"Dari ya mbao, mama, na feni."

"Feni," Wangu alirudia polepole. "Na nani hupika?"

"Wamama wa huko huko mji. Wamezaliwa ndani ya ukuta, wakaolewa ndani."

"Kumbe bado watu wamejaa."

"Wamejaa, mama. Asubuhi hata kupita barabarani ni shida."

Wangu alimkodolea macho kwa kitambo kirefu. Levi aliyasoma macho hayo kuwa ni ya mshangao, na hakukosea.

"Baba Ngige," Wangu akasema, bila kumtazama mumewe, "si tumsikize huyu kijana."

Waithaka alilalamika kuwa hana pesa. Pesa yake yote ilikuwa imelala kiwanjani, ikiwa bado ni mahindi: gunia arobaini yaliyokwisha pukuchuliwa, yakingoja kukauka. Wangu akasema, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Nauli ya basi hatutakosa. Hivyo vyumba si tumlipe na mahindi?" Waithaka alikunja uso kana kwamba anang'olewa jino, akasema kwamba huo ni wizi wa mchana. Kadiri alivyozidi kulia ndivyo Levi alivyozidi kuyataka mahindi yale, mpaka akajikuta yeye ndiye anayebembeleza. Gunia arobaini. Aliona lori likiingia Bumula likiwa limeinama kwa uzito, na Mzee Nyongesa akitoka nje kwa miguu yake kulipokea.

Walifunga safari siku hiyohiyo hadi shambani, na Wangu akaandika mapatano kwenye karatasi, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa karani wa korti: mahindi yaliyo kiwanjani yanabadilishwa na vyumba vitatu vyenye dari na feni, ndani ya ukuta wa ndani wa mji wa Gede, familia ilale siku mbili. Kwa kawaida Levi huiogopa karatasi kama paka aogopavyo ndoo ya maji. Lakini hesabu ilikuwa nyepesi. Wangeondoka Jumatano na kufika Gede Ijumaa. Wakigundua kwamba hakuna anayemjua meneja, wangehitaji siku mbili zaidi kurudi. Kufikia Jumamosi yeye na mahindi yake wangekuwa Bungoma. Akatia sahihi kwa madaha.

"Kutoka sasa ni mali yako," Wangu akamwambia. "Shida ni moja tu, bado ni mbichi. Ukipakia hivyo itaoza, na depo ya mahindi watakurudishia. Anika siku tatu, nne hivi. Geuza mara kwa mara, na mvua ikikuja funika haraka. Maziwa pia ni yako mpaka turudi. Uuze."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

"Ameshaanza," Wangu akasema, akaingia ndani kufunga mizigo.

Alhamisi asubuhi Meneja aliamka akiwa tajiri. Tajiri huyo alikuwa na ng'ombe watano wa kukamua, na wa kwanza alimpiga teke kabla hajakaa sawasawa. Alipomaliza, jua lilikuwa limepanda, na mahindi yalikuwa yakimngoja. Alitandaza maturubai, akamwaga gunia moja baada ya jingine, akashika reki na kuanza kugeuza. Saa sita alikuwa hausikii mgongo wake. Saa nane wingu dogo lilitokea juu ya vilima vya Cherangany, dogo tu, na kabla Levi hajaamua kama ni la kuogopwa lilikuwa limefika. Alikusanya, akafunika, akakimbiza kuku, akarudi kufunika. Mvua ikanyesha dakika kumi, ikaacha, jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari, na Levi akaanza upya kumwaga.

Niseme ukweli: hakuna kibarua aliyewahi kufanya kazi namna ile katika shamba la Waithaka. Kibarua hulala mchana, hunywa chai mara tatu, na mvua ikija huyafunika yaliyo karibu naye. Levi hakukaa. Yalikuwa mahindi yake. Usiku alilala juu ya magunia matupu pembeni ya rundo, akiwa na rungu, asije mtu asiye mwaminifu akamwibia.

Jumamosi alikuja Kibiwott, dalali wa mahindi wa Kachibora, mtu mpole wa kofia ya manyoya. Alitoa mfukoni chupa yenye chumvi kavu, akatia konzi mbili za mahindi, akaitikisa na kuiinua juani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote.

"Bado, bana. Hii iko na maji," akasema. "Nitapita tena Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali. Nipe bei ya chini, tupakie leo."

"Nikipakia hii, itachemka ndani ya lori. Geuza tu."

Levi alihesabu vidole. Ijumaa ilikuwa imepita. Huko Gede bila shaka mambo yalikuwa yameharibika. Mtu mwenye akili angechukua kofia yake na kuondoka, na Levi alikuwa na akili. Alifika hata getini. Pale aligeuka, akayatazama mahindi yakimeta juani, meupe, karibu yakauke, na miguu ikakataa. Alikuwa ameyageuza kwa mikono yake mara kumi na mbili. Akarudi, akachukua reki.

Jumatatu Kibiwott alitikisa chupa, na chumvi ikateremka yote chini bila kuacha alama.

"Sasa hii imekauka," akasema, akionekana kuguswa kweli. "Kazi safi sana. Lori itakuja kesho asubuhi."

Na lori likaja. Levi alikuwa amekwisha shona gunia la mwisho, amenawa uso na kuvaa shati lake la meneja. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Kibiwott. Kisha akashuka Wangu, amechomwa na jua, na kofia ya makuti kichwani. Nyuma, juu ya magunia matupu, walikuwa wameketi Waithaka, Ciru na Gathogo, kila mmoja na dafu lake.

Kinywa cha Levi, kilichowahi kumuuzia mchungaji kiwanja kimoja mara mbili, kiliweza kusema tu, "Karibuni."

"Kijana wangu," Wangu akasema, "tumetafuta vile vyumba. Tulimuuliza askari wa getini meneja Wabwile anatuwekea feni wapi, akacheka mpaka akakaa chini. Gede ni magofu. Haina paa hata moja. Hakuna mtu amelala huko ndani zaidi ya miaka mia tatu."

"Mwalimu alifundisha hiyo historia miaka thelathini," Kibiwott akaeleza kwa upole, akimwonyesha Wangu. "Hata mimi alinifundisha, darasa la tano. Alinipitia Jumatano akaniambia nikuangalie."

"Mlijua?" Levi akauliza. "Kutoka pale hotelini?"

"Kutoka hiyo feni," Wangu akasema. "Ngige, kijana yetu, ni mwalimu Malindi. Miaka sita anatuita tukalale kwake. Tungeacha hii boma na nani? Kibarua analala, mvua inanyeshea mali. Lakini mtu akidhani ni yake, huyo halali. Karatasi ni hii. Hakuna chumba, hakuna mahindi."

Waithaka alikuwa amepiga magoti kando ya gunia, akichovya mkono ndani na kuyaacha mahindi yateleze katikati ya vidole. Alipoinuka hakuwa na hasira wala kejeli. "Haijawahi kukauka hivi," akamwambia mkewe. "Hata mimi sijawahi kuikausha hivi." Ndipo akaamuru Levi apewe gunia mbili, kama mshahara wa mfanyakazi, na lori la Kibiwott limfikishe hadi barabara ya Bungoma.

Njia nzima Levi alitunga uongo. Alitunga shamba lake la ekari kumi, akatunga trekta, akatunga hata jirani wa kumwonea wivu. Lakini alipofika Bumula Mzee Nyongesa hakumpa nafasi ya kuongea. Alifungua gunia, akatia punje mdomoni, akaiuma. Ililia kama kijiwe. Akakishika kiganja cha Levi, akakifungua na kuyatazama malengelenge, mapya juu ya yaliyopasuka.

"Nani amekausha hii?"

Na Levi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, akasimulia jambo kama lilivyotokea, kuanzia mandazi hadi dafu, bila kujiongezea hata teke moja la ng'ombe. Nekoye alicheka hadi machozi yakamtoka, akashika ukuta, na alipomaliza kucheka alimtazama Levi usoni, wala hakutazama chini.

Mzee Nyongesa hakucheka. "Unageuza mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne, baba. Jua ikiwa kali, sita."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na reki.

"Mahindi yangu pia iko huko nyuma," akasema. "Mambo ya Nekoye tutaongea ikikauka."

Levi alilitazama anga upande wa Mlima Elgon, palipokuwa na wingu moja dogo ambalo hakulipenda. Akavua shati, akauliza turubai iko wapi.