Kiboko wa Maktaba Kuu

Asubuhi hiyo Kinyozi aliacha kichwa cha Msumari kikiwa kimenyolewa nusu. Umeme haukukatika. Ilikuwa ni ile televisheni yake ndogo, iliyoning'inia juu ya kioo, inaonyesha maktaba mpya ya taifa huko mji mkuu, jengo la vioo kutoka chini hadi juu, na mtangazaji anasema watu siku hizi wanakwenda kuitalii kama wanavyokwenda kutazama simba.

Msumari ni seremala, na hajakubaliana na mtu tangu tumjue. Alisema huko ni kuchosha miguu bure. Mtu anatalii mlima, anatalii maporomoko ya maji. Vitabu utavitalii vipi, navyo vyote vimekupa mgongo? Kinyozi akamjibu kwamba hata yeye muda huu amempa mgongo, na bado anavumilia kumtazama. Mimi nilikuwa kwenye benchi letu hapo mlangoni, natia vifungo shati la mteja. Cherehani yangu iko duka la pili, lakini kazi ya sindano huwa naileta penye maneno.

Ndipo picha ikabadilika. Wakaonyesha ghorofa ya watoto, zulia la kijani, watoto wamekaa chini wamekunja miguu, na mbele yao mama wa makamo mwenye kilemba cha bluu anasimulia huku amejaza mashavu upepo kama mnyama mzito anayetoka majini. Kinyozi akasema taratibu, "Yule si Shemeji?"

Alikuwa yeye. Shemeji ni mke wa Gia, dereva wa malori aliyestaafu, mwenzetu wa benchi. Juzijuzi walikwenda mji mkuu kumwona binti yao, na Gia aliporudi alitueleza kila shimo la barabarani. Maktaba aliigusa kwa neno moja tu, kwamba ni kubwa. Sasa tukajua kuna kitu amekifukia.

Muda si mrefu akatokea mwenyewe. Msumari alitoka na kichwa chake nusu akampangusia mahali pazuri kwenye benchi, mimi nikamwagizia kahawa. Mtu akipewa heshima zote hizo kijiweni kwetu anajua amekwisha. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza nani amekufa.

"Tumemwona Shemeji kwenye habari," Kinyozi akamwambia. "Anza mwanzo, na usikate kona."

Gia alipuliza kahawa yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha Msumari, mashine ikaanza kunguruma polepole, masikio yetu yote yakiwa kwa Gia. Akaanza.

Binti yao aliwafikisha mlangoni akaenda kazini, akasema atawapitia mchana. Ndani, dada wa mapokezi alikuwa anawagawia wageni ramani na kuwakusanya wapate kutembezwa. Shemeji alitaka kujiunga na kundi. Gia akakataa. Mtu aliyevuka mipaka na lori la tani kwa tani, bila kuuliza njia, leo aongozwe ndani ya nyumba? Akairudisha ramani kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Shemeji akamwambia yeye miguu inamuuma, atatafuta mahali akae, na Gia aende akaongoze msafara wake wa mtu mmoja.

Basi akatalii. Alipanda ngazi za umeme, akashuka kwa lifti, akapanda tena. Kila ghorofa ilikuwa pacha wa mwenzake: rafu, meza, taa, vichwa vimeinama. Kimya kilikuwa kizito mpaka akawa anasikia viatu vyake vinamsengenya. Alipoona uwazi mbele akauendea kwa mwendo wa mwenye nyumba, kumbe kioo. Alikigonga kwa paji la uso na wasomaji wote wakainua vichwa kwa pamoja. Hakuondoka. Aliweka mikono nyuma akakikagua kile kioo juu mpaka chini, kama mtu aliyetumwa na serikali kukipima.

Nikamuuliza kama hapo aliuliza njia.

"Ya nini? Nilikuwa nimepotea kidogo tu."

Kidogo hicho kilimzungusha mpaka msomaji mmoja akaanza kumwamkia kila anapopita mezani kwake. Mwishowe mlinzi mmoja mpole akamfuata, akamnong'oneza, "Mzee, unatafuta kitabu gani?" Gia akajibu anatafuta mke. Mlinzi hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimshika mkono kama anavyoshikwa bwana harusi, wakaanza kwenda ghorofa kwa ghorofa.

Kumbe Shemeji alikuwa amepata kiti chenye mto laini kule kwa watoto, akakikalia. Kiti hicho kilikuwa cha msimulizi aliyealikwa siku hiyo, na msimulizi hakuwa amefika. Mkutubi akaja mbiombio, akampa mkono, akamshukuru kwa kuwahi, akamwekea mapajani kitabu cha picha. Miwani ya Shemeji ilikuwa imebaki kwenye mkoba wa binti. Alichoweza kuona ukurasani ni kiboko tu.

Msumari akasema Shemeji angesema ukweli, kwamba si yeye, akaondoka.

"Hata mimi nilimwambia hivyo," Gia akasema. "Akanijibu kwamba watoto walikuwa wameshakaa. Akasema hajawahi kuona watu wengi hivyo wakimsubiri yeye aseme." Akazungusha kikombe. "Nyumbani mnajua anayesema ni nani."

Kinyozi akazima mashine.

Shemeji akafungua mdomo, hadithi ikatoka. Ilihusu kiboko mmoja mwenye kitambi aliyejua njia zote duniani. Alitoka kwenda mtoni, akapotea, akarudi nyumbani akidai mto umehamishwa. Akagonga mwamba, akasema mwamba ndio uliomgonga. Usiku akikoroma samaki wanahama. Watoto hoi. Kundi la watalii likasimama kutazama, simu juu, na watu wa televisheni waliokuja kupiga picha rafu wakageuza kamera. Shemeji akafika mahali ambapo kobe anamhurumia kiboko, anamshika mkono kumrudisha kwao. Mlango wa lifti ukafunguka. Akatoka Gia, paji la uso limevimba, ameshikwa mkono na mlinzi.

Mtoto mmoja akamnyooshea kidole: "Kiboko huyo."

Gia alituambia kicheko cha pale hajapata kukisikia. Alitamani zulia limfunike. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni, yale ambayo sisi tunayajua na Shemeji anayajua zaidi. Halafu akamwona mkewe. Alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi, kitabu amekikumbatia, anamtazama yeye, anasubiri kuona kama starehe yake imekwisha.

"Ukafanya nini?" Msumari akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anabisha.

"Nikamgeukia mlinzi. Nikasema kwa sauti, Bwana Kobe, samahani, mto uko wapi?"

Watoto wote wakamwonyesha kwa vidole, kila mmoja upande wake. Shemeji akacheka mpaka kilemba kikalegea. Mkutubi, alipokuja kujua kwamba msimulizi wake halisi alikuwa kitandani na homa, akamwomba Shemeji awe anakuja kila mwezi.

Hapo ubishi ukarudi nyumbani kwake. Msumari alisema mke asiruhusiwe, maana akimaliza viboko ataingia chumbani. Kinyozi akasema aruhusiwe, nchi nzima ifaidi. Gia akatuuliza ni nani aliyetuambia ruhusa imeombwa. Safari ya kwanza ilikuwa leo leo.

Na kweli Shemeji akatokea na begi la safari, akatuamkia vizuri, akamwambia mumewe chakula kiko jikoni na akipotea aulize. Kinyozi, kwa uchokozi, akataka kujua safari hii watoto wanapelekewa hadithi gani.

Shemeji akatutazama pale tulipo, kuanzia mwanzo wa benchi hadi mwisho.

"Ya wanaume wanne," akasema, "waliokaa kwenye benchi siku nyingi mpaka benchi likachoka, likainuka, likaenda kutafuta kazi."

Msumari akakumbuka meza ya mteja. Kinyozi akaingia ndani kufagia nywele. Mimi nikakunja shati langu. Gia akabeba begi, wakaenda zao kituoni, na tulimsikia akimuuliza kama hao wanaume wana majina. Shemeji akamwambia bado anafikiria.