Uzinduzi wa Karavani la Bi Hamdiya

Ilitangazwa rasmi siku ya Ijumaa, biriani likiwa bado linafuka moshi, kwamba familia ya Bwana Sleyum bin Amur wa Muscat itasafiri kwa njia ya barabara mpaka Salalah, watu wote wanne, huku ikikokota karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu. Tangazo lilisomwa na Sleyum mwenyewe, tena wima, kwa sababu mambo mazito hayasomwi mtu akiwa amekaa chini na mfupa wa mbuzi mkononi. Mkewe, Mahbuba, akauliza ni lini. Sleyum akamjibu kwamba suala la lini litaangaliwa katika awamu ya pili.

Mtu asiyemjua angedhani anatania. Sleyum hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mkurugenzi wa Idara ya Maandalizi ya Awali katika wizara moja ya heshima, na idara ile ilikuwa na sifa ambayo hakuna idara nyingine iliyoweza kujidai nayo: haikuwahi kushindwa katika jambo lolote ililolianza. Haikuwahi kuanza jambo lolote.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yake, Bi Hamdiya. Bibi huyu alitoka Unguja akiwa mke wa watu mwenye watoto, na tangu afike Muscat hakuwahi kulalamika ila kwa jambo moja, kwamba mawe ya huku hayana majani. Mwaka ule, 2003, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika na la kulia lilikuwa njiani. Daktari alisema mambo yake kwa adabu, lakini Bi Hamdiya aliyaelewa. Akamwita mwanawe akamwambia hataki kitu ila apelekwe Salalah wakati wa kharifu, zile wiki za rasharasha ambapo milima ya kule inavaa kijani, akaangalie minazi na matope kabla giza halijafunga. Ndege hapandi, inampiga masikioni. Magoti hayakai kutwa garini, na vyoo vya njiani havitaki hata kuvisikia. Kwa hiyo karavani, lenye kitanda na choo chake.

Ombi lilikuwa la maneno machache. Sleyum alilipokea kwa uzito unaostahili, akaunda Kamati Kuu ya Safari chini ya uenyekiti wake. Mahbuba akapewa Kamati Ndogo ya Chai na Vitafunio. Binti yao Nouf, aliyekuwa anasubiri kuingia chuo kikuu, akawa katibu. Bi Hamdiya hakupewa cheo. Yeye alikuwa mnufaika, na kwa mujibu wa taratibu mnufaika hahudhurii vikao, asije akavuruga majadiliano kwa mahitaji yake.

Karavani lilinunuliwa Wattaya, mtaa wa magari hapo Muscat, jeupe, zuri, likaegeshwa mbele ya nyumba na kufunikwa turubai. Kuingia ndani kulikatazwa mpaka hapo litakapokabidhiwa rasmi, na aliyekuwa hajakabidhi ni Sleyum kwa Sleyum. Ikapendekezwa safari ya majaribio mpaka Qurayyat. Mwenyekiti akaona ni pupa. Kabla ya majaribio ya Qurayyat yalihitajika majaribio ya majaribio, na Ijumaa moja familia nzima ikafungwa mikanda ikazungushwa mtaani, bila ya karavani, kwa mwendo wa bata. Waliporudi walitakiwa kutoa maoni. Mahbuba alisema ameona nyumba ya jirani imepakwa rangi mpya.

Juni ikaisha hivyo. Rasharasha zikaanza kunyesha Salalah, televisheni ikawa inaonyesha watu wanakula mahindi ya kuchoma chini ya ukungu. Bi Hamdiya alikuwa anakaa karibu kabisa na kioo, kichwa upande, ili jicho lililobaki lipate haki yake.

Asubuhi moja ya Julai, wakati wa chai, Sleyum alimwona mama yake anapapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akakipata, akanywa kama kwamba hapana kitu.

"Sleyum mwanangu," akasema, "hiyo kamati yako nnaiombea dua. Lakini mimi nnaona ukungu hapa hapa Muscat, na huu hauna mvua."

Sleyum hakuweza kumaliza mkate wake. Alikwenda ofisini amekata shauri kuwa wataondoka wiki ile ile, na hapo akafanya kosa la maisha yake: akaomba ruhusa ya likizo kwa maandishi, na akaeleza sababu.

Ombi likapanda mpaka kwa Wakil wa Wizara, mtu wa pili baada ya Waziri, Sheikh Musallam. Huyu alikuwa mzaliwa wa Tabora, mtu mnene, mchangamfu, mwenye joho jeusi la tarizi ya dhahabu alilolivaa hata kwenye semina. Akamwita Sleyum mbio mbio. Alikuwa amefurahi mno. Alisema anachokiona pale si likizo, ni dira. Familia ya Kiomani, mama mzee, barabara ya taifa, karavani! Wananchi wanakimbilia kupanda ndege wakati nchi yao hawajaiona. Tangu dakika ile safari ya Bi Hamdiya ikawa Mradi wa Mfano wa Uhamasishaji wa Utalii wa Kifamilia, na Sleyum akakatazwa kuondoka kabla ya kuzinduliwa.

Basi wakangoja kuzinduliwa. Mara ya kwanza uzinduzi uliahirishwa kwa kuwa Wakil alikuwa ng'ambo kwenye mkutano kuhusu kubana matumizi. Mara ya pili ilionekana utepe ni mwekundu, na mwekundu ungeweza kuwafanya watu wafikirie ajali. Agosti ikawa inamalizikia. Nyumbani Mahbuba aliacha kumwita Baba Nouf, akawa anamwita Mheshimiwa Mwenyekiti, na hakuwa anacheka. Sleyum alilala akiitazama dari. Kwa mara ya kwanza maishani alionja ilivyo kuwa upande wa pili wa Idara ya Maandalizi ya Awali, na alikuta hakuna hata kiti cha kukalia.

Hatimaye siku ikafika. Hema lilipigwa Wattaya, kando ya barabara kuu, kukawa na halua na kahawa, mwandishi wa gazeti na mpiga picha wake. Ratiba ilisema Sheikh Musallam atakata utepe, ataendesha gari lenye karavani kwa hatua chache mbele ya kamera, kisha atamkabidhi Sleyum ufunguo. Ili picha ipendeze, familia ikawekwa ndani: Bi Hamdiya mbele na kikapu chake mapajani, Sleyum, Mahbuba na Nouf nyuma. Wakil akapanda na joho lake, na jambia kiunoni, akatia gia.

Hatua chache zikaenda vizuri. Mpiga picha akamwashiria asogee mbele kidogo, jua linaipiga kamera. Akasogea. Akaashiriwa tena, akasogea tena, na alipotahamaki gari lilikuwa limeshaingia barabarani, malori yanampigia honi nyuma. Kurudi nyuma na karavani hakujui. Kusimama ni aibu mbele ya gazeti. Nyuma yake dereva wake wa Mercedes, maofisa wa itifaki na magari yote ya wizara yakamfuata kwa mpangilio, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kumfuata.

Sleyum alijua kwamba barabara ile ina kipilefti mbele, mtu anazunguka anarudi alikotoka, jambo dogo kabisa. Wakil naye alijua. Wakaingia kipilefti. Lakini kila alipotaka kutoka, lori lilikuwa ubavuni, na karavani lilikuwa linavuta mkia wake kama ng'ombe asiyetaka kwenda sokoni. Wakazunguka. Wakazunguka tena, na msafara wa wizara ukazunguka nao, taa zimewashwa. Askari wa barabarani akapiga saluti kila walipopita.

"Sheikh," Mahbuba akasema kwa upole, "njia ya kurudi tumeshaipita mara ya tatu."

"Naijua, dada. Napima uimara wa mzunguko."

Alipoona mwanya wa kwanza akachomoka nao. Ulikuwa wa Nizwa, ndiyo njia ya kwendea Salalah.

Sleyum alitakiwa kusema. Alikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, yenye heshima zote, lakini miaka ya utumishi ilikuwa imemfundisha kumeza. Bi Hamdiya alifungua kikapu, akatoa kitumbua, akamtia Wakil mkononi, akamwambia, kula mwanangu, safari ndefu, na tena endesha polepole maana karavani si baiskeli. Sheikh Musallam akala. Joho likapata mafuta ya kitumbua, na kabla ya mji wa Adam likapata chai.

Nia yake ilikuwa kusimama Haima, katikati ya jangwa pasipo na wa kumwona, aingie kwenye Mercedes yake na kurudi Muscat kimya kimya. Ndivyo alivyomnong'oneza Sleyum walipoteremka kwenye hoteli ya njiani. Lakini mwandishi wa habari, aliyekuwa kwenye gari la tatu, alikuwa ameshatumia simu ya hoteli. Redio iliyokuwa juu ya friji ya soda ikatoa habari: Wakil wa Wizara, katika kitendo cha unyenyekevu kisicho na kifani, ameamua kumwendesha kwa mkono wake mama mzee mmoja mpaka Salalah. Mheshimiwa Waziri, ambaye yuko huko kwa mapumziko, amefurahishwa mno na atampokea yeye mwenyewe.

Watu wa hoteli wakaja kumpa mkono. Sheikh Musallam aliupokea mkono wa kila mmoja kwa uso wa mtu anayepokea rambirambi.

Walilala hapo. Karavani, lililokuwa halijakabidhiwa, likakabidhiwa bila ya sherehe. Wanawake walichukua upande wa kitanda kikubwa, Sleyum akalala garini, na Wakil, aliyekataa kulala humo, akapewa kitanda cha mtoto upande wa pili wa pazia, magoti kifuani. Maofisa wa itifaki walilala ndani ya magari yao, kila mmoja kwa kufuata cheo, wa chini kabisa karibu na jenereta.

Siku ya pili, baada ya Thumrait, barabara ilianza kuteremka, na mara, kama mtu aliyefungua mlango wa friji, hewa ikawa nyingine. Ukungu ukaingia madirishani. Mlima uliokuwa jiwe tupu ukawa majani mpaka kileleni.

"Simamisha hapa," Bi Hamdiya akasema.

Wakil akaanza kueleza kwamba Waziri anangoja. Bi Hamdiya alikuwa ameshafungua mlango. Wakil akasimamisha.

Bibi alivua viatu akaingia kwenye matope. Sleyum alimfuata kwa nyuma, mikono tayari kumdaka. Rasharasha ilimtulia bibi kwenye mtandio. Aliinama, akang'oa majani ya kujaa kiganja, akayasogeza karibu na lile jicho la kulia, karibu sana, akayatazama kwa muda mrefu.

"Nimechelewa, mama," Sleyum akasema. "Nisamehe."

"Umechelewa," akakubali. "Lakini nnaona. Kile kinachokwenda pale ni nini?"

"Ngamia."

"Mimi nilidhani ng'ombe. Haidhuru. Yuko kwenye majani."

Sleyum aligeuka upande, akaipa mvua uso wake ili isijulikane ipi ni mvua.

Waziri aliwapokea mjini, chini ya mwavuli, na hotuba. Sheikh Musallam alisimama pembeni, joho limelowa, limenata matope hadi magotini, limechorwa mafuta na chai. Na Waziri akalielekeza joho lile kwa kidole, akasema huo ndio utumishi. Kwa hiyo, kuanzia msimu huu, kila wakil wa wizara atasafiri kwa karavani na familia yake, bila ya dereva, kuwaonyesha wananchi njia. Na atakayetangulia ni Sheikh Musallam, ambaye sasa ana uzoefu. Ataelekea Musandam, kwenye zile kona za juu ya bahari, pamoja na mkewe na mama mkwe.

Makofi yakapigwa. Wakil akamvuta Sleyum nyuma ya karavani, na Kiswahili chake cha Tabora kikaja bila ya joho.

"Sleyum, ndugu yangu, niokoe. Wewe na idara yako ndio wataalamu. Nitafutie utafiti, nitafutie kamati, rasimu, chochote. Nicheleweshe hata mwaka mmoja. Yule mama mkwe humjui."

Sleyum alitazama chini ya mnazi, ambako Mahbuba na Nouf walikuwa wanamkatia Bi Hamdiya dafu, naye anawaelekeza namna ya kulikata, hajaridhika.

Kisha akasema, kwa sauti iliyomfikia Waziri hapo alipokuwa:

"Hapana haja ya kungoja, Mheshimiwa. Maandalizi yote ya awali yamekamilika. Unaweza kuondoka kesho."