Kabati la Mninga Haliachwi Tabora

Jumamosi, 28 Juni 2025

Barua imefika! Batuli, mke wangu, kapandishwa kuwa mwalimu mkuu. Shule ya msingi huko Ujiji. Aripoti Jumanne tarehe 8 Julai, saa moja na nusu asubuhi. Siku kumi tu.

Nimemwambia asihangaike na chochote. Uhamisho huu nausimamia mimi. Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi kutoka hapa mpaka Ujiji kwa miguu. Kuhama tumezaliwa nako. Batuli akajibu kwamba babu wa babu yangu hakuwa na kabati.

Kaanza mapema! Kabati lile nimelitengeneza kwa mikono yangu miaka kumi na minne iliyopita, mwaka aliozaliwa binti yetu Najiat. Mninga mtupu. Milango mitatu. Hakuna msumari hata mmoja, mbao zinaumana zenyewe kwa meno na gundi. Nililitengenezea chumbani humohumo kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Kila mteja anayetaka kuniagiza kitu namwingiza kwanza chumbani alione. Batuli hajawahi kuufurahia utaratibu huo.

Jioni akaja shemeji Idrisa, kaka yake Batuli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kaja na karatasi! Kapanga kila kitu bila kuulizwa. Fuso lije Alhamisi asubuhi. Wapakiaji wanne. Vyombo vya udongo vifungwe kwenye mashuka. Halafu akatoa futi mfukoni (mtu ambaye si seremala anatembea na futi ya nini?) akapima mlango wa chumba. Sentimita sabini na nane. Akapima kabati, upande wake mwembamba kabisa. Tisini na moja. Akaandika kwenye karatasi yake: kabati liuzwe au libomolewe. Akapigia mstari. Mara mbili!

Nimemwambia haliuzwi, halibomolewi, na linatoka zima.

Jumapili, 29 Juni

Nimeng'oa fremu ya mlango. Kazi safi. Mlango sasa ni sentimita themanini na nane. Zimebaki tatu, na tatu ni nini? Nikaanza kuchonga ukuta.

Bi Asmahani, mwenye nyumba wetu, alikuwa ameketi kwenye mkeka wake uani akichambua mchele. Hakuinua uso. Akasema tu kwamba ukuta ule umeshika boriti, na nikiendelea kuuchonga paa litanishukia kichwani. Nikaacha, si kwa hofu, kwa heshima.

Hapo ndipo Batuli akaniambia, taratibu, kwamba hata likitoka chumbani, ukumbi una sentimita themanini. Alijua tangu jana! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema sikumuuliza.

Fremu imegoma kurudi ilivyokuwa. Mlango haufungi. Kuku wa Bi Asmahani ametaga ndani ya boksi la sahani.

Jumanne, 1 Julai

Wazo! Dirisha. Dirisha la chumba chetu linatazama mtaani moja kwa moja. Hakuna ukumbi, hakuna kona. Nikaenda kwa Bi Asmahani na shikamoo ndefu. Nikamwambia nimeona dirisha lile dogo, hewa haitoshi, na kabla sijaondoka mtaa huu wa Chemchem ningependa kumwachia zawadi ya dirisha kubwa. Akaitikia marahaba, akanitazama sana, akaniuliza kama zawadi hiyo inahusiana na kabati. Nikasema kwa mbali. Akaruhusu, kwa sharti kwamba nisiondoke nikamwachia tundu.

Nimekata nondo. Nimebomoa tofali mbili kila upande. Tofali za udongo wa zamani, zinashuka kama mkate uliolala. Zikashuka na zingine ambazo sikuzihitaji. Sasa dirisha ni kubwa kuliko nilivyoahidi.

Najiat kaniuliza kama leo tutalala na mtaa mzima. Nimemwambia apakie madaftari yake.

Jumatano, 2 Julai

Kabati limetoka!

Nusu.

Tulililaza chali, mimi na majirani watatu, tukalisukuma. Likaenda vizuri mpaka katikati. Kisha ukuta wa juu ukashuka kidogo, taratibu, ukalikalia. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Chumbani kuna miguu ya kabati. Mtaani kuna kichwa chake.

Watu wamekuja kutazama. Muuza kahawa kahamishia birika lake mbele ya nyumba yetu. Shemeji Idrisa kaja na kigoda chake mwenyewe, kaketi, kaagiza kahawa. Nilitamani aseme neno ili nimjibu. Alipoondoka alinong'ona na Batuli uani. Fuso lake la kesho, bila shaka! Nimemwambia Batuli kwamba kabla kabati halijatoka, hakitoki kitu. Alikuwa akikunja pazia. Aliendelea kukunja.

Alhamisi, 3 Julai

Saa mbili asubuhi Fuso la Idrisa likasimama mlangoni. Nilijiweka tayari. Nikachukua kiti, nikakaa katikati ya mlango. Nikatangaza kwamba msafara huu una kiongozi, na kiongozi hajatoa amri.

Wapakiaji wakamtazama Batuli. Batuli akawaambia wapitie uani.

Wakatoa kitanda. Wakatoa magodoro, masufuria, cherehani, ndoo mbili za asali, viroba vya karanga na vya michembe ya viazi vilivyokaushwa. Nilisikia kila kitu kikipita nyuma yangu. Mwishowe mpakiaji mmoja akaja, akaniamkia kwa adabu, akaomba kiti. Nikauliza kiti kipi. Akasema hicho, mzee.

Nikasimama.

Batuli alikuwa amevaa baibui la safari na bahasha ya barua kwapani. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba Najiat," akasema, "Jumanne nitasimama mbele ya watoto mia saba na walimu ambao hawanijui. Nakwenda kupanga nyumba. Nitakuwepo na kabati au bila kabati. Na wewe, au bila wewe. Ila ningependa uwepo."

Nikamjibu kwamba nitatangulia kufika. Najua halikuwa jibu. Najiat alinipungia mkono kutoka dirisha la Fuso mpaka lilipokata kona.

Nimebaki na mswaki, birika na mswala. Na kabati.

Ijumaa, 4 Julai

Msikitini kila mtu kaniuliza habari za kabati kabla ya habari zangu. Nimejibu mambo yanakwenda.

Idrisa kaniletea pilau kwenye hotipoti. Pilau ya huruma! Nimeila yote ili asiseme nimekasirika. Akasema hata sasa hajachelewa mtu, nilifungue kabati mbao kwa mbao, nipande basi kesho, nifike. Alisema kwa upole. Nikamuuliza kama yeye angeweza kuvunja duka lake akalitia kwenye magunia. Akasema duka si kabati. Nikamwambia ndiyo maana hawezi kunielewa.

Niandike hapa, kwa kuwa hapasomi mtu. Tabora hii nikipita mtaa wa Kanyenye naitwa Fundi Adinani. Mbele ya baraza zote, Fundi Adinani. Ujiji nitakuwa mume wa mwalimu mkuu. Nani kule ataingizwa chumbani aone nini? Kabati ndilo cheti changu. Sina kingine.

Imetosha. Kesho linatoka.

Jumamosi, 5 Julai

Limetoka! Lote!

Saa nne likapita lori tupu. Likapunguza mwendo, likasimama, likarudi kinyumenyume. Akashuka mtu mrefu mwenye kofia ya mkeka, akalizunguka kabati, akaingia ndani, akalizungukia na huko, akatoka akicheka mpaka akashika mbavu. Anaitwa Leopoldi, mkulima wa Ulyankulu. Katoka Nzega kupeleka mahindi, anapitia kwake, kisha anakwenda Uvinza kuchukua chumvi. Uvinza! Kutoka hapo Ujiji si mbali. Nikamkaribisha kahawa haraka.

Akaniambia baba yake aliingia Ulyankulu mwaka sabini na mbili akitokea Burundi, na jembe moja na watoto watano. Kitanda alikiacha kulekule. Alitengeneza kingine, na Leopoldi mwenyewe amezaliwa juu ya hicho kingine.

Nikamwambia bila shaka kile cha kwanza hakikuwa mninga.

Alipapasa mlango wa kabati. Kisha akauliza kama najua kutengeneza kitanda cha bibi harusi, maana binti yake Stela anaolewa Septemba. Tukakubaliana hapohapo: kitanda cha Stela, na yeye ananifikisha Ujiji na kabati langu.

Tukalifunga kamba za katani, tukazifunga kwenye lori. Leopoldi akavuta taratibu. Kabati likaguna. Ukuta ukaguna. Likachomoka kwa kishindo na nusu ya ukuta ikalifuata. Mtaa ukapiga makofi! Idrisa naye alipiga, nilimwona.

Zamu ya Bi Asmahani. Nilisimama mbele yake na vumbi mpaka kwenye kope. Alilitazama tundu, akalipima kwa macho. Akasema nisizibe. Niweke ubao mpana chini na kifuniko cha kukunjua juu, maana siku nyingi anatamani mahali pa kuuzia vitumbua bila kutoka ndani. Nikavifanya kwa saa mbili. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia toka mwanzo. Akasema, "Nenda kwa mkeo, Baba Najiat."

Jumapili, 6 Julai

Ulyankulu. Leopoldi hasafiri Jumapili kabla ya misa. Nilimsubiri chini ya lori nikilinda turubai tulilolifunikia kabati. Mkewe, Demetria, kanipa ugali na maharage, kanipa na muhogo wa njiani. Watu wema. Stela kaja kuliona kabati, akaligusa mlango, akasema kitanda chake kifanane na hili. Nilirefuka!

Tumeondoka saa sita. Baada ya Kaliua nikasikia mlio. Kama mtu anayevunja vidole. Nikamwambia Leopoldi ni lori lake. Akasema analijua lori lake.

Mlio wa pili. Wa tatu. Tuliposimama nikapanda nyuma, nikafunua turubai. Mlango wa kushoto ulikuwa umelala peke yake. Kwa miaka kumi na minne kabati lile lilikuwa limekaa kivulini, na gundi iliponusa jua la siku hizi na matuta ya barabara, ikaachia.

Mpaka Uvinza lilikuwa mbao. Mbao thelathini na moja, nzima, hazina hata ufa.

Nilikaa juu ya rundo lile. Leopoldi akapanda, akakaa kando yangu, akanimegea muhogo. Hakucheka. Akasema, "Fundi, sasa linaingia mlango wowote."

Nimemwambia hiyo ndiyo faida ya kutotumia misumari. Inaitwa ufundi.

Jumatatu, 7 Julai

Ujiji, saa tano asubuhi. Sabasaba, mitaa imetulia. Najiat alikuwa barazani, akapiga ukelele. Batuli akatoka na kanga kiunoni na ufagio mkononi.

Nilikuwa na hotuba tayari. Niliitunga tangu Uvinza: kwamba mpango ulikuwa ni kulisafirisha kwa hatua. Batuli alilitazama lori, akaziona mbao, akanitazama mimi. Akaegemeza ufagio ukutani, akaja, akachukua ubao wa kwanza yeye mwenyewe. Najiat wa pili. Hotuba sikuitoa.

Leopoldi kanywa chai, kaniachia vipimo vya Stela na bwana wake, kaenda zake.

Mchana Batuli akaniomba nikae. Kumbe siku tatu zote amekuwa akijaribisha maneno yake ya kesho mbele ya chumba kitupu, na kila akifika katikati sauti inakauka. Akasimama, akasema yote. Nikasikiliza. Nikamwambia arudie. Mara ya pili sauti haikukauka. Akasema alihofu sitakuja. Nikasema nilikuwa njiani muda wote. Kwa namna fulani ni kweli.

Jumanne, 8 Julai

Saa moja kasoro tumemsindikiza Batuli mpaka lango la shule. Kaingia na bahasha yake bila kugeuka nyuma. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia. Mlinzi kaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mume wa mwalimu mkuu. Jina hilo halikuuma kama nilivyodhani. Lakini nikaongeza kwamba mimi pia ni fundi.

Idrisa kapiga simu. Nimemwambia kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Akauliza, kilivyopangwa na nani.

Saa nne nikafahamiana na jirani, Mama Getruda. Mwoka mikate. Jumamosi wanahamia Kasulu! Lori limeshaagizwa, wapakiaji wapo, mumewe kaandika orodha. Tanuri lao la mikate, la udongo na chuma, liko uani, na wameamua kuliacha na kujenga jipya huko. Machozi yalimlengalenga akilitaja. Mikate ya miaka ishirini!

Nimelizunguka mara mbili. Nimemwambia kwamba nimetoka Tabora juzi tu na uzoefu mkubwa wa mambo haya, kwamba tanuri kama hili haliachwi, na kwamba lori aliahirishe kwanza.

Akaniuliza litang'olewaje wakati limejengewa ndani ya ardhi.

Nimemwambia ardhi inachimbika. Nimeshaazima jembe.